Nani Kakuudhi, Dada?

Mlango wake ulitazamana na wangu, kwa hiyo haya nayasimulia kama nilivyoyapata kinywani mwake mwenyewe. Uani tulimwita Opereta, maana kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja kwenye kampuni ya maji. Kutwa alikaa kwenye kibanda chenye upana wa meza moja, hedifoni kichwani, akisikiliza watu ambao mabomba yao yamekauka. Na mtu ambaye bomba lake limekauka hana salamu.

"Asante kwa kupiga simu, nikusaidie nini?"

"Nisaidie kufa na kiu, mbwa wewe!"

"Samahani sana kwa usumbufu uliojitokeza."

Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, kutukanwa na kuomba radhi. Mbele ya kila kibanda walikuwa wamebandika picha ya uso unaocheka, eti mteja husikia tabasamu hata kama halioni. Jioni Opereta alirudi nyumbani mashavu yanamuuma kwa tabasamu hilo, na koo limemkaba kwa yale yote ambayo hakuyajibu.

Aliishi na mdogo wake wa kiume, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, fundi wa kutengeneza friji. Naye tulimwita Fundi tu. Sebule yao ilijaa kompresa, mabomba ya shaba na milango ya friji isiyo na friji, ukitaka kukaa lazima uombe ruhusa kwa vyuma. Fundi alikuwa mtu wa watu. Hapiti mlangoni kwako bila kukutania, na akikutania unacheka hata kama una msiba.

Jumamosi moja mchana, siku ya kawaida kabisa, Opereta akiwa anakunja nguo huku anasonya peke yake, Fundi akamwambia, "Dada, wewe siku moja utapasuka. Njoo nikufundishe gemu, utoe hasira."

Gemu lenyewe lilikuwa la kwenye simu, la watu watano dhidi ya watu watano, kila upande unalinda ngome yake. Unacheza na watu usiowajua, kila mmoja yuko kwao, na mnaongea mkicheza. Opereta akajiita Shangazi. Alipoambiwa achague mhusika, akachagua mganga, yule ambaye hapigani sana ila anawafuata wenzake nyuma akiwatibu majeraha.

"Hata huku umekwenda kuhudumia watu!" Fundi akacheka mpaka akashika mbavu.

Mwanzoni lilimnogea. Kuna mtu alimsubiri alipopotea njia, akamwonyesha pa kujificha. Kuna mwingine, kila wakishinda, alikuwa anaimba kwa furaha, hajui kuimba hata kidogo, na Opereta akawa anacheka kwa sauti ambayo uani tulikuwa hatujaisikia tangu ahamie. Watu asiowajua wanamwambia, "Ahsante, Shangazi, umeniokoa!" Kazini hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Halafu akakutana na Msumari.

Hilo lilikuwa jina lake la kwenye gemu. Sauti yake ilikwaruza kama sufuria inayoburutwa kwenye saruji. Siku hiyo timu ilikuwa inafungwa, na Opereta alipofungua maiki kuwaonya wenzake, Msumari akapata wa kumlaumu.

"Kumbe mganga wetu mwanamke! Ndiyo maana tunakufa kama kuku. Toka humu, nenda kafue! Mganga gani hujui hata kujiganga mwenyewe?"

Akaendelea, na mengine siwezi kuyarudia hapa. Opereta akafungua mdomo. Moyoni alikuwa na maneno ya kumchanachana Msumari vipande vipande, maneno aliyoyaweka akiba miaka na miaka. Lakini ulimi wake ulikuwa umeshaajiriwa.

"Samahani sana kwa usumbufu uliojitokeza," akasema.

Wote wakaangua kicheko. Na kicheko kimoja alikisikia mara mbili, ndani ya hedifoni na pale pale sebuleni, upande wa pili wa kompresa. Fundi naye alikuwa anacheka.

Mchezo ulipoisha, Opereta alibaki ameshika simu, hasira imemjaa. Ndipo likaingia ombi la urafiki. Jina: Mpole. Mahali pa picha palikuwa peusi. Akakubali bila kufikiri, na sauti ikaja hapo hapo, nyembamba, si ya mwanamume wala si ya mwanamke, kama mtu anayenong'ona ndani ya blanketi.

"Pole, dada. Nani kakuudhi?"

Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumpa pole. Koo likamlegea.

"Huyo Msumari," akasema. "Huyo mshenzi, Msumari."

"Haya," ikajibu sauti.

Kesho yake Msumari aliingia tena kwenye mchezo, maiki yake iko wazi. Hakutukana. Zilisikika pumzi tu, za haraka haraka, kama za mtu aliyekimbizwa. Baadaye akaandika: *sauti imekauka. nimeamka hivi.* Opereta akatabasamu, na safari hii mashavu hayakumuuma.

Dakika chache baadaye Mpole akaja.

"Hujambo, dada?"

Ilikuwa sauti ya kukwaruza. Sufuria kwenye saruji.

"Wewe nawe umeshikwa na mafua?" Opereta akauliza, akijaribu kucheka.

"Nani kakuudhi leo?"

"Hakuna," akasema, akazima. Akaikagua hedifoni, akaipuliza vumbi. Imeharibika, alijiambia. Alitaka sana iwe imeharibika.

Kazini walikuwa na msimamizi, mama mmoja aliyemaliza kila agizo kwa kuuliza, "Tumeelewana?" Katikati ya wiki, Opereta alimkatia simu mteja aliyemtusi mama yake mzazi. Msimamizi akamsimamisha mbele ya vibanda vyote.

"Hapa hatulipi watu wenye hasira! Ukitukanwa, tabasamu. Huwezi, mlango ule pale. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Opereta akasema. Wenzake wakainamisha vichwa.

Saa ya chakula alikaa kwenye chumba cha mapumziko, kando ya mashine ya kupashia chakula. Akawasha simu. Hata mchezo haujafunguka, sauti ikaja.

"Pole, dada. Nani kakuudhi?"

Angeweza kunyamaza. Aliniambia hivyo mwenyewe, kwamba angeweza. Lakini mtu ukiwa umebanwa kifuani, anayekuuliza umeumia wapi unamwonyesha.

"Msimamizi wangu. Kanidhalilisha mbele za watu."

"Haya."

Baada ya chakula msimamizi alisimama mbele yao kutoa maagizo ya mchana. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Hakuna kitu. Akajipiga kifua, akashika koo kwa mikono miwili, macho yakamtoka pima. Simu zikawa zinalia kwenye vibanda vyote, na hakuna aliyepokea.

Jioni hiyo Opereta hakufungua gemu. Simu ilikuwa mezani, imezimwa sauti. Ikasema yenyewe, kwa sauti ya msimamizi, taratibu kabisa:

"Umefurahi, dada? Tumeelewana?"

Akairusha kwenye kochi. Alipopata nguvu za kuiokota, akamfuta Mpole kwenye orodha ya marafiki. Mpole akarudi. Akamzuia. Akarudi, juu kabisa ya orodha. Akampelekea Fundi simu aone.

"Yupi?" Fundi akauliza. "Rafiki yako kwenye gemu ni mimi peke yangu. Huko juu pana weusi tu."

Akaacha kucheza. Zikapita wiki, hofu ikapungua kidogo. Msimamizi alikuwa bado likizo ya ugonjwa, na Opereta akajishawishi kwamba watu huugua koo kila siku. Ndipo Fundi akaja kumbembeleza. Timu yake ilifika fainali ya mashindano ya mtaa, na mganga wao amesafiri.

"Leo tu, dada. Tukishinda hii nakuoshea vyombo mwezi mzima."

Hebu nikuambie kitu kuhusu Fundi. Mtu yule yule aliyekutania mlangoni ukacheka, akivaa hedifoni alikuwa mwingine. Matusi yaliyomtoka, ungedhani kuna mtu mwingine kakalia kiti chake. Sote uani tulimsikia, tukasema ni gemu tu, yataisha. Hata yeye alisema hivyo. "Ni gemu tu, dada. Huko kila mtu anatukana."

Siku ya fainali, Opereta aliingia kwa woga. Juu ya orodha hapakuwa na Mpole. Akashusha pumzi, akacheza vizuri, akawatibu wote. Walikuwa karibu kushinda. Halafu, mwishoni, wawili walijeruhiwa kwa pamoja, akamtibu mmoja, yule mwingine akafa. Aliyekufa ni Fundi. Ngome ikaanguka.

Fundi akang'oa hedifoni, akasimama.

"Mjinga wewe! Hujui kitu hata kimoja! Ndiyo maana hata mumeo alikukimbia!"

Jambo la mume halikuwa likitajwa mle ndani. Fundi mwenyewe ndiye aliyemhamisha dada yake siku ile alipoachwa, akabeba magodoro, akamfuta machozi.

Opereta aliinuka, akaingia jikoni, akafunga mlango. Akashika kingo za sinki. Hedifoni ilikuwa bado inaning'inia shingoni.

"Pole, dada."

Akafungua bomba ili asimsikie.

"Pole sana. Nani kakuudhi?"

Akauma mdomo. Akatikisa kichwa. Machozi yakawa yanadondoka kwenye sinki. Hakuwa anamjibu Mpole, aliniapia. Alikuwa anajiambia mwenyewe, kwa uchungu, kama mtu anavyosema peke yake:

"Ndugu yangu. Ndugu yangu wa tumbo moja."

"Haya."

Alikimbia. Alipofungua mlango wa jikoni, Fundi alikuwa amesimama pale pale kizingitini, mkono umenyanyuka kubisha hodi, uso umejaa aibu. Midomo yake ilicheza. Opereta aliyasoma maneno yote. *Nisamehe, dada.*

Hakuna sauti iliyotoka.

Walizunguka hospitali. Walimwingiza kamera kooni, wakaona koo zima, jekundu, lenye afya. Daktari mmoja akasema ni mshtuko. Mwingine akasema apumzike. Mwingine akamwandikia dawa ya kusukutua. Opereta alikaa kwenye mabenchi yale akitamani kupiga ukuta kichwa, kwa sababu alijua, na hapakuwa na dirisha la kuipeleka habari ya namna ile.

Fundi alijibu wateja wake kwa kuandika kwenye vipande vya maboksi ya friji. Wengi walichoka kusoma, wakaenda kwa fundi mwingine. Mama yao alipopiga simu kutoka kwao, Opereta alimdanganya kwamba Fundi yuko safarini kikazi.

Hatimaye akamweleza Fundi kila kitu. Fundi alisikiliza. Akachukua boksi, akaandika: *Yaani ulinitaja?*

Opereta akaitika kwa kichwa. Fundi akaiweka kalamu chini, na siku hiyo hakuandika tena.

Akawaandikia wenye gemu. Aliandika ujumbe mrefu, akaomba wamwondoe mtu anayeitwa Mpole, akasema amedhuru watu. Jibu likaja mara moja: *Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Mchezaji huyo hayupo kwenye mfumo wetu.* Akaisoma sentensi ile ya kwanza mara nyingi, kisha akacheka peke yake mpaka kicheko kikageuka kilio. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watu hivyo.

Jumapili mchana, jua limewaka, watoto wanacheza uani, akamwita Fundi wakae kochini. Akatoa spika moja ya sikioni akampa, moja akabaki nayo. Akafungua gemu.

Uwanja ulikuwa mtupu. Hakuna wachezaji, hakuna adui. Mbele ya ngome alisimama mmoja tu, asiye na uso.

"Pole, dada."

Vidole vya Fundi vikamkamata mkono mpaka vikamwachia alama. Ilikuwa sauti yake. Sauti ya Fundi mwenyewe, ile ya utani.

"Mrudishie," Opereta akasema.

"Nani kakuudhi?"

"Nakuomba. Mrudishie ndugu yangu."

"Nani kakuudhi?" Sasa ilikuwa sauti ya msimamizi.

"Nilikosea. Sikumtaja kwako. Sikukutuma!"

"Nani kakuudhi?" Msumari.

"Nani kakuudhi?" Mtoto.

"Nani kakuudhi?" Kizee.

Ilikuwa inasogea. Kila ikiuliza, ilikuwa karibu zaidi, na nje watoto walikuwa wamenyamaza. Opereta akafungua mdomo. Akasikia maneno ya kazini yanamjia ulimini. Samahani sana. Samahani sana kwa. Akayameza. Kitu kingine kikapanda kutoka chini, kizito, cha miaka yote, na hakukizuia.

"Wewe!" akapiga kelele. "Wewe ndiye uliyeniudhi! Wewe!"

Kitu kile kilisimama. Weusi wa usoni pake ukajikunja, kama mdomo unaotafuta neno.

Halafu spika zikapasuka kwa sauti. Sauti zilitoka zote kwa pamoja, za wanaume, za wanawake, za watoto, nyingine kwa lugha ambazo hajawahi kuzisikia, kama soko zima limefunguliwa mlango. Wakazitupa spika sakafuni. Zikaendelea kutoa sauti pale chini, zikipungua, zikipungua, mpaka ikabaki moja nyembamba, ndani ya blanketi, ikijaribu kusema kitu. Ikakatika.

Kando yake, Fundi akakohoa. Kikohozi chenye sauti.

Opereta akamkumbatia, akalia kama mtoto. Nilisikia kilio kile toka kwangu nikaenda kubisha, wakaniambia ni furaha, Fundi kapona. Nikashukuru nao. Ni Fundi aliponiambia, "Karibu, jirani," ndipo nikarudi nyuma hatua moja.

Ilikuwa sauti ya mwanamume mwingine, nzito, ya taratibu, yenye mikwaruzo ya tumbaku. Fundi hajawahi kuvuta hata sigara moja. Akajaribu tena, akakohoa, akanywa maji. Ikabaki ile ile. Tukaambizana ni koo, litakaa sawa.

Msimamizi naye alirudi kazini siku hizo, anaongea. Watu walisema sauti yake imekuwa nyembamba kidogo, ni dawa. Opereta hakumtazama usoni, na mwisho wa mwezi aliacha kazi. Gemu alilifuta. Fundi hakushika tena hedifoni. Koo lake halikukaa sawa. Alinyoa mbele ya kioo bila kusema neno, maana alipojisikia akiongea aligeuka nyuma kutazama ni nani.

Mama yao akapiga simu. Safari hii Fundi alikuwa pale pale, na Opereta alikuwa amechoka kudanganya. Akaweka simu kwenye spika.

"Shikamoo, mama," Fundi akasema.

Fundi akaisogelea simu.

"Mama? Ni mimi. Koo liliniuma kidogo, usiogope."

Wakasikia kitu kinaanguka upande wa pili. Kikombe, labda.

"Rudia," mama akanong'ona.

"Ni mimi, mama. Mwanao."

"Hiyo ni sauti ya kaka yangu."

Walijua tu kwamba mama alikuwa na kaka mkubwa, aliyekufa kabla wao hawajazaliwa. Hakukuwa na picha yake nyumbani, na mama hakuwa mtu wa kumzungumzia.

"Aliamka siku moja hana sauti," mama akasema. "Nilikuwa msichana mdogo, wa kutumwa maji. Kaishi hivyo mpaka kafa. Hakusema tena hata neno moja."

"Ilikuwaje, mama?" Opereta akauliza.

Pumzi za mama zilisikika kwenye spika.

"Alinichapa, nikaenda kisimani nalia, sauti ikanipa pole. Hayo yaache."

Fundi akanyoosha mkono kukata simu.

"Usikate!" mama akalia. "Usikate, kaka. Endelea kusema. Sema chochote."

Fundi akamtazama dada yake. Kisha akaanza kueleza, kwa sauti ile iliyomzidi umri, habari za friji aliyoitengeneza asubuhi, jinsi raba ya mlango ilivyolegea, jinsi gesi ilivyokuwa inavuja. Na kila aliponyamaza kuvuta pumzi, mama yao aliitika kutoka upande wa pili, kwa sauti ya msichana mdogo anayemwogopa mkubwa wake:

"Naam, kaka. Naam."